Mayai ya Mikayi

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Mikayi, kobe wetu, ametaga! Kwenye sukuma wiki yangu, si mahali pengine. Nilidhani anatafuta kivuli. Kumbe ameshinda akichimba kwa miguu ya nyuma tangu chai ya saa nne — anachimba, anakojolea udongo, anachimba tena, bila haraka yoyote, kama kibarua anayelipwa kwa siku. Sikumgusa. Nilivuta kiti nikakaa nikimwangalia. Nina kazi gani nyingine? Nani ananingoja?

Mayai kumi na moja. Meupe, ya duara kabisa, magumu. Alipomaliza akafukia, akapigapiga udongo kwa tumbo, akaondoka bila kuangalia nyuma. Mama gani huyu!

Sasa shida. Kobe dume hatuna. Jaduong, dume tuliyekuwa naye, alitoka kwa ule mwanya wa ua wakati wa mafuriko ya Aprili na hajaonekana tena. Haya mayai ni ya nani?

Nilitaka kumpigia mke wangu Ajwang hapohapo. Kwao ilikuwa bado alfajiri. Nikaacha.

Jumapili, 6 Oktoba

Ajwang hupiga Jumapili saa tisa, kabla hajaenda kanisani huko kwao. Naandika "kwao" — shindwe! Huko Canada. Kwao ni hapa Migosi. Alikwenda kumlea mtoto wa binti yetu Lorine, miezi sita tu, tikiti ya kurudi ikiwa mkobani. Mtoto sasa anatembea, anaomba vitu kwa Kizungu, amevunja vikombe viwili. Ajwang bado yuko huko.

Nilipomwambia alipiga kelele. "Mikayi wangu!" Jina ni yeye aliyempa. Baba yake Ajwang alimpata kule Muhoroni, kwenye shamba la miwa lililochomwa kabla ya kukatwa, gamba limeungua upande mmoja. Akatuletea. Ajwang akasema huyu ndiye mikayi, mke wa kwanza wa hii nyumba, na mimi nisithubutu kuleta wa pili. Majirani walicheka, na hadi leo wananiuliza mke wangu mwenye gamba hajambo.

Mke wangu mwenye gamba hajambo. Ila haongei.

Ajwang anataka niandike joto la mayai kila siku nimtumie picha. Joto nitaliandika kwenye kalenda ya jikoni. Hili daftari ni langu.

Jumanne, 8 Oktoba

Daktari Wakhisi wa mifugo alicheka kwanza, halafu akanieleza. Ati jike la kobe linaweza kuweka mbegu ya dume mwilini hata miaka. Kwa hivyo Jaduong ameondoka lakini kazi aliiacha.

Niyatoe ardhini, anasema, kabla mbwa hawajayafikia. Niyaweke kwenye mchanga, joto kama thelathini, unyevu kidogo, nisubiri miezi mitano au zaidi. Na nisiyageuze! Kuku hugeuza mayai yake kila mara. Kobe hapana. Mtoto hujishikiza upande wa juu ndani ya yai, ukimpindua anazama. Kwa hivyo alama ya penseli juu ya kila yai, na hiyo alama iangalie dari mpaka mwisho.

Joto! Mimi niliyechunga boila ya kiwanda cha sukari mpaka nikastaafu! Hapo sasa umefika kwangu, Daktari.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mashine iko tayari. Kasha jeupe la wachuuzi wa samaki — nimeliosha mpaka mikono ikachubuka na bado linanuka mbuta. Mchanga wa ziwa, nimeukaanga kwenye sufuria kubwa ya Ajwang kuua siafu (asijue!). Mkebe wa maji. Thamomita. Kilichonitoa jasho ni balbu. Maduka yote yanauza hizi mpya, zinawaka baridi tu. Kijana wa duka ananiambia, Mzee, zile za zamani zilienda na watu wa zamani. Mjinga. Nimezipata Kibuye kwa fundi wa vyuma kuukuu, nikabeba zote alizokuwa nazo.

Mama Shantel amepita kuangalia. Huyu ni jirani, mtu wa Bungoma, jina lake hasa Nanyama. Ana mashine ya kutotoa vifaranga, kuku wake wa kienyeji wanaliwa mpaka Maseno. Karibu kila jioni hupita na bakuli limefunikwa — mrenda, viazi, chochote. Ni mtu pekee anayebisha huu mlango siku hizi. Amechungulia ndani ya kasha akasema, "Baba Lorine, umerudi kiwandani?" Nimecheka. Nimesikia kicheko changu kikizunguka sebule nikashangaa ni cha nani.

Jumapili, 20 Oktoba

Video call. Nilimwonyesha Ajwang kasha, balbu, alama za penseli. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba. Amekonda usoni. Nikamwuliza, polepole, lini?

Akavuta kola ya koti. Halafu akacheka. "Sikiza. Hayo mayai yakitotoa, nakuja. Kwa haki ya Mungu. Nani atawaogesha hao watoto, wewe?"

Amesema. Nimesikia kwa masikio yangu, na Lorine alikuwa nyuma yake, amesikia pia.

Jumapili, 10 Novemba

Nilifunga mapazia mchana, nikamulika kila yai kwa tochi ya simu bila kuliinua. Yawa! Mishipa! Myembamba, myekundu, imetapakaa kote. Mawili hayana kitu. Tisa yako hai.

Nilimpigia Ajwang, hakushika. Nikampigia Lorine, akasema Mum amelala, Dad, alikuwa na siku ndefu. Siku ndefu ya nini? Mtoto si anaenda shule ya watoto? Sikuuliza.

Nikaenda kumwambia Mama Shantel. Alipiga makofi.

Jumatano, 27 Novemba

Oduor amefariki. Binamu yangu wa Usenge, tulichunga mbuzi pamoja. Maziko Jumamosi. Lazima niende leo, mimi ndiye mkubwa niliyebaki katika nyumba ya babu yetu. Huwezi kutuma pesa kwa simu ukabaki mjini kuangalia balbu. Wangesema, na wangekuwa na haki.

Nimemwachia Mama Shantel ufunguo. Nikamwonyesha thamomita, nikamwonyesha balbu za akiba. Stima ikipotea, ajaze chupa maji ya moto, azifunge taulo, aziweke kando ya kasha. Akasema, "Baba Lorine, nenda kazike ndugu yako. Mayai ni kazi yangu, usinifundishe."

Jumatatu, 2 Desemba

Niandike kwanza nitulie.

Maziko yalikwenda vizuri. Omena, wale dagaa wa ziwani, imeanikwa mpaka mlangoni pa marehemu, watu wakaiondoa kwa koleo ili jeneza lipite. Kila mtu, kila mtu, aliniuliza Mama Lorine yuko wapi. Nikasema atakuja mwaka mpya. Nilisema kwa sauti kubwa.

Nikafika hapa saa sita mchana. Mama Shantel alikuwa jikoni kwangu, amefagia, amepika. Joto sawa. Maji sawa. Anafurahi! Akaniambia, "Nimeyageuza asubuhi, mchana na jioni. Sikuruka hata mara moja. Hata jana nilitoka kanisani katikati ya mahubiri."

Nilifungua kasha. Alama za penseli zinaangalia kila upande. Nyingine sizioni kabisa.

Sijui ni nini kilinitoka. Nilipiga kelele majirani wakatoka nje. Mjinga, nikamwita. Muuaji. Akasema, "Lakini mayai hugeuzwa! Mayai gani hayageuzwi?" Na mimi — nilikuwa nimemwambia? Nilimwambia joto. Nilimwambia maji. Penseli sikuitaja, nilidhani kila mtu anajua kwa sababu mimi najua. Lakini wakati huo sikufikiri hivyo. Nikamwambia, ndiyo maana bwana wako hakukaa.

Akajifuta mikono kwa leso yake. Akasema taratibu kabisa, "Na wako yuko wapi, Baba Lorine?"

Akaweka ufunguo mezani akaenda. Chakula alichopika bado kiko kwenye sufuria. Siwezi kukila na siwezi kukimwaga.

Nimeyarudisha alama juu, yale ninayoweza kuyajua. Sitamwambia Ajwang.

Jumapili, 8 Desemba

Ajwang: watoto wangu wanaendeleaje?
Mimi: salama.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani nilikaa nyuma. Nilichinja jogoo mmoja, kisha nikakumbuka ni mimi peke yangu nitakayemla. Miaka mingine Mama Shantel huleta chapati za kukunjwa. Nilisikia redio yake juu ya ua, na kuimba, na harufu ya chapati ilinijia yenyewe.

Nilimwekea Mikayi kipande cha papai. Akala, akarudi chini ya tangi la maji. Krismasi njema na wewe.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Harufu. Nilidhani ni lile kasha na mbuta wake, lakini hapana. Mayai matatu yameoza, moja limepasuka likachafua jirani yake. Nimeyatoa kwa kijiko. Mengine mawili yale yasiyo na kitu nimeyatoa pia. Yamebaki sita.

Nilimulika. Kiza. Mishipa siioni tena, kiza tu. Daktari Wakhisi kwa simu: mtoto akiwa mkubwa ndani utaona kiza. Akifa ndani utaona kiza. Sasa Daktari, hilo ni jibu? Akasema, subiri.

Jumapili, 19 Januari

Ajwang ameniambia mwenyewe leo. Amepata kazi. Nyumba ya wazee, anawaogesha, anawalisha, anawatembeza. Kwa muda tu, anasema, kusaidia Lorine na kodi. Kuna mmoja ana miaka tisini, hataki kuguswa na mtu mwingine yeyote, ni yeye tu. Anamwimbia nyimbo zetu za kanisani kwa Dholuo na mzee analala.

Anaimba. Wimbo gani, nikauliza. Akaniimbia kidogo, hapohapo kwenye simu. Nilizima kamera nikasema bando inaisha, nikakata.

Mimi pia ni mzee! Mimi pia sitaki kuguswa na mtu mwingine yeyote. Nimemwonea wivu mzungu wa miaka tisini asiyejua hata jina lake. Najiuliza: Mathews, unakwenda wapi na hiyo akili.

Nilipotulia nikampigia nimwombe radhi kwa kukata. Hakuuliza kuhusu mayai. Kwa mara ya kwanza hakuuliza. Mimi ndiye niliyesema: mama, yakitotoa utakuja, sivyo? Akasema, "Nilisema, Baba Lorine. Nilisema." Sauti imechoka.

Nimeshika hapo. Alisema.

Jumanne, 11 Februari

Stima ilipotea jana mchana. Transfoma imelipuka, wanasema, na wakasema watakuja, na hawajaja. Usiku wote nilibadilisha chupa za maji ya moto. Asubuhi gesi ikaisha, mtungi mzima. Thamomita ikaanza kushuka. Ishirini na sita. Ishirini na nne. Nilikoka makaa, moshi ukajaa, balbu imelala. Nikalikumbatia kasha. Kwa haki, nililikumbatia, mtu mzima wa miaka sitini na nne ameketi sakafuni na kasha la samaki kifuani.

Upande wa pili wa ua, jenereta ya Mama Shantel ilikuwa inanguruma. Vifaranga wake wako kwenye joto lao.

Sikuwahi kutembea mita chache ngumu namna ile. Nilibeba kasha kwa mikono miwili, nikapiga geti kwa mguu. Alitoka. Hatujasalimiana tangu Desemba.

"Mama Shantel, nilikosa."

"Ulikosa nini?"

"Nilikukosea."

"Ulikosa adabu, Baba Lorine. Sema vizuri."

"Nilikosa adabu."

Akaniangalia vile mtu anaangalia kuku mgonjwa, anafikiria kama inafaa kumtibu au kumchinja. Halafu akafungua geti lote.

Chumba chake kina mashine kubwa kama kabati, shelfu kwa shelfu, na kila shelfu inainama yenyewe kugeuza mayai. Alitoa trei za shelfu ya chini, akachomoa waya wa mota yake. "Hii haitageuka. Weka mwenyewe. Mimi siyagusi hata ukinilipa." Nikaweka. Alama juu. Kisha akaniletea chai, tukakaa kwenye magunia ya chakula cha kuku. Nikamwambia kuhusu kazi ya Ajwang. Nikamwambia ile ahadi. Akanijazia kikombe tena.

Alhamisi, 27 Februari

Kasha liko nyumbani tena. Bakuli limerudi pia: leo kunde. Ameliweka mezani akasema ufunguo hautaki, lakini kubisha atabisha.

Yai moja lingine limeoza. Matano.

Jumapili, 9 Machi

Ajwang alipiga, dakika chache. Alikuwa na zamu. Nyuma yake niliona korido ndefu na mtu kwenye kiti cha magurudumu. "Mayai?" Bado, nikasema. "Usikate tamaa," akasema, na akasema kwa uzuri sana, kama anavyowaambia wale wazee wake.

Jumamosi, 15 Machi

Yai limepasuka!

Nilikwenda kuongeza maji kwenye mkebe nikaona mchanga kidogo umeruka. Yai la pembeni, lile ambalo alama yake niliikisia tu. Ufa. Halafu tundu. Ndani ya tundu kitu cheusi kinasukuma, kinapumzika, kinasukuma. Kuna jino dogo jeupe puani, ndilo analolitumia kutoboa.

Nilimwita Mama Shantel kwa sauti ya wazimu. Alikuja na unga mikononi mpaka kwenye viwiko. Tukapiga magoti wawili. Mimi nikanyoosha kidole, nimsaidie kidogo tu, nibandue kipande — akanipiga mkono! "Usiguse! Hata kifaranga havutwi. Ukimvuta unamvuta na damu." Daktari kwa simu amesema hivyohivyo. Anaweza kukaa humo siku nzima, hata mbili, anamaliza kiini chake. Mwache.

Mama Shantel analia. Akaniambia, "Kumbe sikuwaua wote." Miezi yote hii alibeba hilo na bakuli juu yake. Nilimshika bega lenye unga. Nikasema asante kwa kunde.

Ajwang sijampigia. Kesho ni Jumapili, atapiga mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Pua iko nje na mguu mmoja, una kucha! Rangi ya njano na nyeusi, safi. Anasukuma, analala. Yale manne mengine kimya.

Nimeoga. Nimevaa shati la kola, nimechana nywele. Kwa video call! Mama Shantel ameniona akauliza, bwana harusi, unaenda wapi? Yuko jikoni anapika chai, amekataa kuondoka mpaka mtoto atoke.

Saa tisa kasoro.

Nimefikiria jambo ambalo sikutaka kulifikiria. Niliandike upesi.

Tangu Oktoba nimeishi na neno moja la Ajwang. Yakitotoa nakuja. Hayajatotoa, basi hajalivunja. Kila Jumapili nikisema bado, bado, neno lake linabaki zima. Leo nikimwonyesha huyu mtoto, neno linatoka mikononi mwangu linaingia mikononi mwake. Atafurahi, hilo najua. Atamwita Lorine, atamwita mjukuu, watajaza skrini. Halafu atasema, "Baba Lorine, unajua hapa kazini..." Miaka thelathini na nane namjua, najua hata anavyovuta pumzi kabla ya kusema hapana.

Au atakuja. Inawezekana pia. Mbona siamini?

Ningeweza kusema bado. Jumapili moja tu zaidi. Nani atajua?

Simu imelia. Picha yake, ile ya leso ya bluu. Nimeiangalia mpaka ikanyamaza.

Mama Shantel kutoka jikoni: Baba Lorine, simu. Nimesikia, namjibu. Si ni Mama Lorine? Ni yeye. Basi mbona hushiki? Amekuja mlangoni na vikombe viwili, amesimama, ananiangalia mimi, anaangalia kasha. Ameelewa. Haondoki.

Kichwa kimetoka chote. Ana mchanga juu ya jicho. Amelifungua hilohilo.

Inalia tena.